Imla ya Kiti cha Msahihishaji

Jumatatu, 4 Machi
Balaa kiwandani. Tumechapa kadi za mahafali, zote zimeandikwa "Congradulations". Mteja kazirusha mezani kwa Bosi na kuondoka bila kuaga. Bosi katutangazia kwamba makosa ya Kiingereza yamemchosha: Ijumaa kutakuwa na imla, na atakayeshinda atakuwa msahihishaji. Chumba chake! Kiti cha kuzunguka! Mlango! Miaka yote hii nimesimama kwenye mashine ya kukatia karatasi. Fundi Wino, anayechanganya rangi na ndiye mkuu wetu wa chumba cha mashine, akatabasamu. Silipendi tabasamu lile.
Mke wangu ameshampigia mama yake simu kwamba napata ofisi. Basi, hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Machi
Binti yangu wa darasa la sita kanisomea maneno kumi. Nimepata mawili, moja la kubahatisha. Neno "separate" nimeliandika kama linavyosikika. Kumbe kosa. "Wednesday" ina d katikati ambayo haitamkwi na mtu. Ipo tu, inakula bure, kama shemeji yangu pale sebuleni. Binti kaniambia kwa upole nisikate tamaa. Nimeumia.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata akili! Anayeyajua maneno mapema ni yule anayewasomea wenzake. Nimempelekea Bosi chai, nikamweleza kwamba imla inahitaji msimamizi asiye na tamaa. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena. Nikamwambia kiwanda kwanza, mimi baadaye. Macho yake yakalegea, akanikabidhi maneno yote. Rahisi hivyo!

Alhamisi, 7 Machi
Nimekariri kutwa nzima. Rundo la kalenda limekatwa upande, si neno. Jioni Fundi Wino kaja kwa adabu zake, kaniita kaka, kaomba nisome polepole. Nikamwahidi. Kisha nikanunua pipi kubwa kuliko zote dukani. Kesho nitasoma na pipi shavuni, na mashine kubwa nitaiacha ikinguruma. Asikie nini?

Ijumaa, 8 Machi
Nimesoma. Hata mimi sikuisikia sauti yangu. Karani na dereva wakawa wanatazamana tu. Fundi Wino aliandika bila wasiwasi, macho usoni kwangu.
Nilisahau kitu kimoja. Sisi wa chumba cha mashine hatusikilizani. Kwa kelele zile nani asikie? Tunatazamana midomo, ndivyo tunavyoagizana wino na karatasi kila siku iendayo kwa Mungu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha alipoanza kazi!
Kapata karibu yote. Nikasimama haraka, nikaomba karatasi nami niandike. Bosi akauliza karatasi ya nini. Nikasema nayajua yote, niulizwe lolote. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Akawaambia watu kwamba msimamizi hafanyi mtihani, na kwamba wakitaka kuona mtu aliyejinyima kwa ajili ya wenzake, wanitazame mimi. Nikapigiwa makofi. Fundi Wino ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe amefika na pazia la ofisi yangu. Kalishona mwenyewe, lina maua. Nikamwambia chumba bado kinapakwa rangi. Akasema atasubiri, akafungua begi, akatoa kanga za wiki nzima. Nimejisikia vibaya sana.

Jumatatu, 11 Machi
Habari njema! Fundi Wino kahamia ofisini, kwa hiyo nafasi ya mkuu wa chumba cha mashine iko wazi. Bosi atafanya usaili Alhamisi. Karani na dereva wameshaomba. Wapuuzi, wamekurupuka bila hata kujua wataulizwa nini.
Mimi nimewahi asubuhi. Nimemwambia Bosi kwamba usaili hauendi bila mwenyekiti asiyependelea upande wowote. Kakubali papo hapo. Maswali ninayo mfukoni.