Kisima cha Bwana Fochunetli

"Kiwanja cha kisimani ni changu, Ludovika! Mguu huu utapanda mlima na ndoo?" Odilia alimfokea jirani yake.

"Mguu gani? Juzi kwenye pombe ya Qamara ulicheza kuwashinda wasichana!"

Isidori, aliyekuwa akipita na kalamu tatu mfukoni, moja ikiwa na wino, alisimama. Ugomvi wa majirani ulimnukia kama nyama choma. Watu wa pembeni mwa Dongobesh walikuwa wameambiwa wahamie kijiji cha ujamaa, na kila mmoja alimwandikia mwenyekiti, Mzee Hhando, kuomba kiwanja karibu na maji.

"Shikamooni, mama zangu. Barua zenu zimekosa neno moja tu." Akashusha sauti kama padre anayetaja mtakatifu. "Fochunetli. Kiingereza cha bahati. Barua ikiwa nalo, ofisa hakatai."

Neno lenyewe alilikuta kwenye gazeti lililofungiwa sukari. Akamwandikia kila mama kwa siri, kwa jogoo mmoja mmoja.

Odilia, ambaye mguu wake ulikuwa mbovu lakini si kichwa, aliipitisha yake kwa Mwalimu Zita, aliyehamishiwa pale kutoka Bukoba. Zita alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, maana yake ni 'kwa bahati nzuri'. Hutangulia jambo la kufurahisha. Hapa umeandika: kwa bahati nzuri mume wangu amefariki!"

"Yesu wangu! Na nilimlilia wiki nzima!"

Ludovika naye akaleta yake: ilishangilia kufa kwa ng'ombe watatu. Majirani wakapatana siku hiyohiyo.

Kesho yake, mbele ya mwenyekiti na kijiji kizima, walimpa Isidori karatasi iliyojaa Kiingereza kitupu.

"Mwanangu, tukagulie. Ikiwa sawa, tia sahihi."

Isidori aliona fochunetli juu kabisa. Akakohoa, akaongeza nukta pasipohitajika.

"Safi! Hata mimi nisingeweza zaidi." Akatia sahihi yenye mikia miwili.

Zita akaisoma kwa Kiswahili: "Kwa bahati nzuri, mimi Isidori nimejitolea kuchimba kisima cha pili, upande wa Mama Ludovika. Siondoki mpaka maji yatoke."

Makofi! Isidori alifungua mdomo. Lakini kukana ni kukiri kwamba Kiingereza hakijui, na majogoo wawili walikuwa wakiwika kapuni mwake. Akainama kama anayepongezwa.

"Kijana ana moyo," alisema Mzee Hhando, akimkabidhi sururu.

"Lete kapu, mwanangu, tukutunzie," alisema Ludovika.

Siku ya tatu, shimo likimfika kifuani, Odilia alichungulia.

"Fochunetli, jogoo wako ameiva. Panda, nawa mikono, karibu ndani ule."