Mto wa Mguu wa Asio

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshtuka mpaka chai imemwagika. Binti yangu Asio aliteguka kifundo cha mguu akicheza voliboli mwezi jana. Leo mwalimu wao wa michezo, Okiria, ameleta mto wa sponji, eti asimame juu yake kwa mguu ule ule mgonjwa, macho amefunga. Mguu unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikauliza hiyo ni dawa ama adhabu. Akasema, mama, mguu unafundishwa kujishikilia. Ijumaa atampima. Akisimama nusu dakika, anaenda na timu mashindanoni Busia. Akishindwa, nafasi ni ya Sharlyne, mtoto wa jirani yangu Zilpa.

Jumanne, 4 Machi
Ameanguka mara nane. Nilikuwa mlangoni nikihesabu. Sasa mimi hushonea madereva wa malori mito ya kukalia, pale foleni ya mpakani Malaba. Mto unaozama hakuna dereva anachukua. Huu wa mwalimu ni kazi mbaya kabisa. Asio akiwa shule nimetoa sponji yote, nikashindilia vitambaa, nikashona. Hata trela haiwezi kuuyumbisha.

Jumatano, 5 Machi
Dakika nzima! Asio amenikumbatia. Habari ya vitambaa sikumwambia. Zilpa amepita akisema Sharlyne naye amepewa mto, na bado anayumba. Nikampa pole. Pole ya juu juu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu amekuja uwanjani na mto wake mwenyewe. Laini. Asio, sekunde nne, chini. Hakuangalia mguu. Aliniangalia mimi. Sharlyne alisimama mpaka mwalimu akachoka kuhesabu. Zilpa akanipa pole. Hiyo pole naijua.

Nimemweleza mwalimu kila kitu. Akasema kule kutetemeka ndiko mguu ulikuwa unajifunza, na mimi nimeufungia shule siku tatu. Asio amelia njia yote hadi nyumbani Amagoro. Atapimwa tena Ijumaa ijayo, mara ya mwisho.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudisha sponji. Asio ameniapisha nisiguse tena mto wake. Nimeapa. Jioni ameanguka mara sita. Roho yangu haiwezi.

Mto wa mwalimu hukaa stoo ya shule. Okwi, askari mwenye ufunguo, anakalia mto niliomshonea mimi. Vitambaa vimebaki nusu gunia. Na niliapa juu ya mto wa Asio, si wa mwalimu.