Kompyuta ya Bi Biubwa na Jicho la Zubery

Jumatatu, 2 Machi

Ramadhani katikati. Umeme hakuna tangu juzi, nguzo imelala barabarani na kila mtu anaizunguka. Sina wasiwasi. Mtaalamu hababaishwi na nguzo.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu: Jumamosi ndiyo siku yangu. Wanunuzi wa mwani wanakuja Ndagoni kukiona kikundi cha akina mama. Bi Biubwa, mwenyekiti, atawaonyesha picha za mashamba, tangu kamba ya kwanza mpaka mavuno. Picha zote zimo kwenye kompyuta ya kikundi, na kompyuta ninayo mimi, katibu, mwanamume peke yangu kikundini. Walinichagua kwa elimu yangu. Wiki tatu za kompyuta, Temeke! Na huyo Bi Biubwa ndiye mama yake Zuena. Mama yangu alipokwenda kudokeza habari ya posa, akajibiwa kwamba Jumamosi ipite salama kwanza, wageni waondoke wamefurahi, ndipo wazungumze.

Rahisi kama kumsukuma mlevi.

Leo nikaipeleka kompyuta barazani msikitini, kwenye sola. Lazima, betri yake ilikufa zamani, bila waya haina uhai. Nikaiunganisha na bando langu nione matokeo ya mpira, mara yenyewe, bila kuombwa, ikaanza kujisasisha. Skrini ya buluu, asilimia kumi, ishirini, maneno ya Kiingereza chini. Vizuri, nikasema, inajipamba kwa ajili ya wageni. Nikajinyoosha kwenye mkeka.

Akapita Zubery. Huyu ana kibanda cha fotokopi, ana jenereta, na anamtaka Zuena. Makosa matatu kwa mtu mmoja! Nikiwa nimefumba jicho moja nikamsikia akisema ni kompyuta nzuri hii. Basi, akaenda zake. Hakusema mashallah!

Alasiri Mzee Haruni, muadhini wetu, akachomoa waya zote za barazani kama afanyavyo kila siku, ili kipaza sauti kipate nguvu. Hapa hiyo ni desturi, simu zote zinangoja adhana imalizike. Tulipotoka kuswali nikachomeka tena. Skrini nyeusi. Kiduara kinazunguka, kinakufa. Kinazunguka, kinakufa.

Jicho la Zubery hilo. Kuna lingine?

Jumanne, 3 Machi

Nimebonyeza kitufe kwa kidole gumba. Kwa cha shahada. Kwa kiwiko. Nimeipiga kofi dogo la mgongoni, la mapenzi. Wapi!

Mama ameifukiza ubani. Imenukia vizuri, haijawaka.

Maji yalipokupwa Bi Biubwa alipita na kamba zake za mwani begani. Nikampa shikamoo ndefu. Akaitika marahaba, akauliza kompyuta inaendeleaje. Nikamwambia nayo imefunga, hatutaki ifungulie kabla ya wakati. Akanitazama. Akasema Jumamosi anaitaka imefungulia. Hakucheka, na mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, ikabidi nimalizie kama kikohozi.

Jioni nikapata wazo kubwa. Mwaka jana simu ya mjomba Matano ilitumbukia baharini ikaponea kwenye mchele. Nikaifukia kompyuta ndani ya pipa la mchele. Haikulowa, najua. Lakini dawa ni dawa. Mama akafunua pipa, akauliza kama nakusudia kumfuturisha pilau la waya.

Jumatano, 4 Machi

Upelelezi. Nimekwenda kibandani kwa Zubery nikijifanya nanunua bahasha. Katikati ya mazungumzo nikachomekea swali: nina rafiki yangu wa Kilindoni, kompyuta yake ilikuwa inajisasisha, sasa haiwaki, afanyeje? Zubery akaniuliza rafiki huyo alizima katikati? Nikasema rafiki yangu si mjinga. Akasema basi amwambie aichomeke kwenye umeme usiokatika, abonyeze mara moja, kisha aiache, asiiguse hata ikikaa kutwa.

Asiiguse! Kutwa nzima! Hapo hapo nikamwelewa. Anataka nikae mikono mapajani mpaka Jumamosi inikute na skrini nyeusi, halafu yeye aende kwa Bi Biubwa na jenereta lake. Mjini nimekaa mimi, sidanganyiki.

Nimefanya kinyume chake. Tangu adhuhuri naibonyeza kila nikivuta pumzi. Barazani watu wanauliza nina nini. Alasiri Mzee Haruni kachomoa tena, nikachomeka tena, nikabonyeza tena. Kitufe kimeanza kulegea.

Bahasha sina kazi nayo.

Alhamisi, 5 Machi

Bodaboda mpaka Kilindoni. Fundi akaitazama, akasema ataipanga upya, itawaka leo leo. Picha je? Picha zitafutika zote. Nikaikumbatia nikatoka mbio kama nimeiba. Nyumbani nikaifungua mwenyewe mgongoni, nione kama kuna kitu kimelegea. Parafujo moja imepotea uani, kuku ananitazama kwa utulivu ninaoushuku.

Hapo ndipo akaingia Zuena. Katumwa na mama yake kuichukua, ili Bi Biubwa afanye mazoezi ya hotuba. Akanikuta nimekaa chini, kompyuta tumbo wazi, punje za mchele zinadondoka. Akauliza wakati inajisasisha ilikuwa imeandika nini. Nikasema mambo ya Kiingereza. Akauliza mambo gani. Nikasema ya kitaalamu. Akauliza kama niliyasoma. Nikamuuliza habari za bibi yake.

Niliona haya. Tena haya ya kweli, masikio yalipata moto. Sikuhofia kumkosa kwa Zubery kama nilivyohofia vile anavyoniangalia, kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mbuzi kwenye mvua.

Akakirudisha kifuniko, akaifunga kompyuta na chaja yake kwenye kanga, akaondoka nayo. Kuelekea kwa Zubery! Kwenye jenereta! Nimefuturu uji bila sukari na sikuuonja.

Ijumaa, 6 Machi

Imewaka!

Zuena aliichomeka jana, akaweka kigoda mbele yake, akamwambia Zubery akiigusa atamjua yeye ni mtoto wa nani. Ikakaa kwenye asilimia thelathini mpaka watu wakaichoka. Leo asubuhi ikajikamilisha, ikafunguka, picha zote zimo.

Zubery anajigamba kijiji kizima kwamba jenereta ndilo lililoiponya. Mimi sibishani na wasio na elimu. Ni dhahiri kwamba mchele umeanza kufanya kazi. Dawa za asili huchukua muda.

Jumamosi, 7 Machi

Wageni wamekuja, wameona, wamefurahi. Bi Biubwa alisimama na kilemba chake kipya akaeleza picha moja moja. Akina mama walijiona ndani ya maji, wakapiga vigelegele mpaka mgeni mmoja akaomba kuagiza mwani wa msimu mzima. Ilipofika picha ya mavuno, Bi Biubwa akabonyeza kitufe kikakwama. Akakikung'uta. Ikatoka punje ya mchele. Akaishika juu, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

Baada ya wageni kuondoka akaniita. Akasema Idi ikipita nitume washenga, Zuena ameulizwa na amekubali, sababu anazijua mwenyewe. Lakini kompyuta inabaki kwake pamoja na chaja, nisiiguse tena. Nikathubutu kuuliza inakuwaje mtu apewe mtoto anyimwe kompyuta. Akasema Zuena ana mdomo, akitendewa vibaya atasema. Kompyuta haina.

Zuena amenikubali! Nimemkumbatia Mama, nimemkumbatia kuku.

Jumapili, 8 Machi

Nguzo bado imelala. Lakini imani imerudi! Mama mkwe kanipa simu yake nimpelekee msikitini kuichaji. Kuichaji tu, alisema, na akarudia.

Niko barazani naandika. Simu imeleta ujumbe kwamba ina toleo jipya, niweke? Mkwe mwema haombwi. Nimebonyeza ndiyo. Chaji yake ilikuwa kidogo sana, lakini iko kwenye sola.

Na safari hii nimejifunza. Si mchele tu, ni waya vilevile! Mzee Haruni anakuja kuadhini magharibi, na namjua, atachomoa. Kwa hiyo nimemtangulia. Nimechomoa kipaza sauti, na plagi yake nimeikalia.

Asilimia tisini na moja. Jua limezama. Ndagoni yote imekaa na tende mkononi inasubiri sauti. Mzee Haruni anagonga kipaza sauti kwa kidole, anapuliza, anagonga tena. Majirani wameanza kuchungulia milangoni. Zubery amesimama pale njiani na tende yake, ananitazama mimi, anaitazama simu, ananitazama mimi.

Na hajasema mashallah.