Mitungi ya Daw Ohn Sint

Jumatatu, 3 Februari
Ukuu wa shule ni wangu! Mwalimu mkuu anastaafu. Mkaguzi anakuja Ijumaa kuchagua kati yangu na Mwalimu Sabe, yule mwenye sauti ya cherehani. Yeye atawaimbisha watoto. Na aimbishe. Mimi nitafundisha kutunza maji: kisima kinakauka, na mkaguzi hana wimbo mwingine. Darasa la tatu wameapa, hakuna tone kupotea. Nimejipigia makofi.

Jumanne, 4 Februari
Watoto moto! Wamepanga zamu ya ulinzi langoni, kwenye mitungi ya mjane Daw Ohn Sint, aliyoiweka ili kila mpita njia anywe na thawabu zimfikie marehemu mumewe. Muuza sukari ya mtende alipochota akaulizwa kama kiu yake ni ya kweli au anajidekeza tu. Mtawa mzima na bakuli lake la sadaka akaambiwa avumilie, monasteri si mbali. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatano, 5 Februari
Balaa! Daw Ohn Sint alikuja alfajiri na ndoo zake, akakuta mitungi imejaa vilevile. Akaniita mwizi wa thawabu mbele ya darasa. Eti mumewe kanikosea nini hata nimkatie riziki kaburini? Eti maji ya kunywa yasiponyweka ndiyo yaliyopotea. Akalia. Nikaona haya kidogo. Kisha nikakumbuka kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na mkaguzi hamchagui mtu bila neno lake. Nikaona haya sana.

Alhamisi, 6 Februari
Sabe kanishauri nichukue majani ya chai, zawadi ya toba huku kwetu, nikapige magoti kwa Daw Ohn Sint, niombe radhi. Loo! Kuomba radhi ni kazi ya wasio na mipango. Mimi kesho nitamlipa marehemu thawabu zake zote kwa mkupuo. Nalala kama mfalme.

Ijumaa, 7 Februari
Asubuhi niliwaamuru watoto wanywe mpaka mitungi ikauke. Wakanywa, thanaka, ile poda ya magome waliyopakwa usoni, ikawachuruzika mashavuni. Mkaguzi akaingia akifuatana na Daw Ohn Sint, akauliza nani ajuaye kwa nini tutunze maji. Mikono yote juu! Nikavimba kwa fahari. Kumbe wote wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wakatoka mbio, wakamaliza pipa zima la maji ya choo. Mkaguzi akaomba maji ya kunywa. Hakuna hata tone shule nzima. Sabe akatoka na ndoo kimyakimya, akarudi kutoka kisimani jasho linamtiririka, akajaza mtungi, akamkaribisha Daw Ohn Sint amchotee mgeni kikombe cha kwanza kwa jina la mumewe. Mama wa watu akatabasamu. Basi, mwalimu mkuu ni Sabe. Inaniuma, sisemi uongo.

Jumamosi, 8 Februari
Amri ya kwanza ya Sabe: kila alfajiri mitungi nijaze mimi, Daw Ohn Sint apumzishe mgongo. Wamekitambua kipaji changu! Ila wapita njia wanakunywa polepole mno, thawabu zitachelewa. Nimeazima keekee kwa seremala. Kesho natoboa kila mtungi tundu dogo chini, maji yatoke yenyewe mchana kutwa. Daw Ohn Sint atanishukuru mpaka atalia tena.