Lori Lipite Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Mzungu wa ramani kaja tena hapa Mkiwa. Soko jipya litajengwa kweli! Pale uwandani, nyuma ya nyumba zetu. Ghala, vibanda, na mahali pa malori kugeukia. Toka barabara kuu kwenda huko kuna njia mbili tu. Moja inapita mlangoni kwangu. Ya pili inapita kisimani, mlangoni kwa wifi yangu Dorika, dada wa mume wangu. Moja itapanuliwa iwe ya malori. Ipi? Bado. Karani atakaa ahesabu wapitao, na njia yenye wapitaji wengi ndiyo itafikiriwa kwanza.

Iwe yangu, Mungu wangu, iwe yangu.

Mwanangu Klara kaolewa mbali, Rungwa, kwa mrina asali. Ana mimba ya kwanza na anakuja kujifungulia kwangu. Ataletwa na lori la Bwana Zulfikar, yule mwenye duka mjini Singida, linalofuata asali huko. Lakini lori huwashusha watu barabara kuu. Toka pale hadi kwangu ni mchanga na jua. Atatembeaje na tumbo lile? Nikilala namwona anajikwaa. Nikifumba macho mchana naona vizuri zaidi: lori linasimama hapa hapa, penye kinu changu, vumbi linatulia taratibu kama unga, na Klara ananyoosha mkono nimshushe.

Mume wangu Filipo kasema lori likipita hapa kuku wangu watakwisha. Nikamwambia kuku watajifunza. Akasema mimi je? Nikakimbilia jikoni. Mboga ilikuwa inaungua.

Jumanne, 7 Septemba

Karani kafika. Anaitwa Melkizedeki. Kijana safi, kola imenyooka. Kakaa kwenye sanduku pale njia zinapoachana, na mwavuli. Kaniamkia shikamoo mama vizuri kabisa. Nikampelekea viazi. Kala, kashukuru, kisha hakuniandika. Kwa nini? Kasema nimekuja kwake, sikupita.

Upande wa Dorika, watu kama siafu! Ndoo zote za Mkiwa zinapita kule. Upande wangu kapita Filipo, na jogoo. Nilimwomba karani kwa upole amwandike jogoo. Kasema jogoo hana safari.

Dorika kapita na mtungi, anacheka tangu mbali. Eti, wifi, njia yako imelala, uifunike shuka.

Nimerudi nyumbani nikakaa. Nikaota lori. Limepakwa rangi ya samli.

Jumatano, 8 Septemba

Nina akili! Nashangaa hakuna anayeliona hilo.

Mpango: Filipo apite mara nyingi, kila mara awe mtu mwingine. Mara ya kwanza na baiskeli. Ya pili na kanzu aliyopewa na shemeji yake. Ya tatu na koti la mvua na kofia, ameinama, anakohoa. Alikataa. Nikamwuliza anataka mjukuu wake azaliwe mchangani? Akavaa kanzu.

Mara ya kwanza vizuri. Karani kasema shikamoo baba, Filipo kaitika, kaandikwa. Mara ya pili vizuri. Mara ya tatu Melkizedeki akasimama kwa heshima akamwamkia mzee mgonjwa. Na Filipo wangu, mtu asiyejua kupokea kitu mara mbili, akamjibu, mwanangu, usijisumbue, si umeshaniamkia toka asubuhi!

Karani akafuta yote. Hata ile ya halali.

Nimelia kidogo nyuma ya ghala la mtama. Filipo kaja, kakaa karibu yangu, bado na koti la mvua. Kasema Klara ana miguu mizuri, ya upande wa mama yake. Basi nikacheka. Lakini si mwisho.

Ijumaa, 10 Septemba

Togwa!

Nilijua tangu usiku, nikiwa kati ya kulala na kuamka. Kimea nilikuwa nacho. Nimepika chungu kile cha harusi ya Klara, nikakiweka mlangoni kikapoe. Asubuhi nikatangaza kisimani: anayepita kwangu anakunywa bure, lakini apite kwa miguu yake hadi uwandani litakapojengwa soko, ndipo arudi kunywa.

Wamekuja! Wamama na ndoo vichwani. Wauza chumvi na punda. Mzee Andrea kaswaga ng'ombe wake wote, eti hata wao wana kiu, na akina baba niliodhani wamekufa zamani wametoka majumbani. Wanapita, wanarudi, wanakunywa, wanapita tena. Melkizedeki anaandika mpaka ulimi umetoka nje. Kalamu ya risasi imebaki ncha. Nikampa yangu! Ndiyo maana nimeandika haya kwa mkaa.

Dorika naye kaja. Kakausha kata mbili. Eti, wifi, leo unaolewa upya? Nikamwambia kunywa, wifi yangu, kunywa. Moyoni nasema, na wewe umehesabiwa!

Jioni vumbi lilining'inia juu ya njia yangu, jekundu, halitaki kushuka. Nikasimama ndani yake. Nilihisi nimesimama kwenye barabara kubwa ya mahali nisipopajua, na kila mtu huko ananijua jina.

Jumatatu, 13 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo Mzungu kaja na lori la Bwana Zulfikar lenye mabati, aijaribu njia. Njia yangu! Kwa kuwa hesabu ilisema yangu ndiyo yenye watu. Nimevaa kanga mpya. Na kwa furaha nimepika togwa tena. Hapo ndipo yalipoharibika.

Lori liliingia, likafika penye ule mwamba unaobana njia, likasimama. Mbele punda wa chumvi. Nyuma ng'ombe wa Mzee Andrea. Pembeni wanywaji na vibuyu, na watoto wamepanda matairi. Dereva, Urbano, kapiga honi. Punda wa kwetu hajui honi. Kalala chini. Urbano kapaza sauti kwamba mama, hii ni njia au ni sherehe? Mzee Andrea kamjibu, shuka unywe, mwanangu, ndipo utajua.

Jua likapanda, likavuka kichwa. Mzungu kaloa jasho mpaka ramani yake. Kasema maneno marefu, na Melkizedeki kayatafsiri mafupi: njia hii ina watu na wanyama wengi mno. Gari litaua mtu hapa. Kwa hiyo malori yatapita kisimani kwa Dorika, na kisima kitawekewa ua. Njia ya hapa ni ya waendao kwa miguu na mifugo tu. Itazibwa kwa mawe mwanzoni, gari lisiingie kamwe.

Kamwe!

Melkizedeki kaniambia taratibu nisihuzunike, ni heshima, hakuna njia nyingine Mkiwa iliyoandikwa wapitaji wengi hivyo. Nikampa togwa iliyobaki. Nifanyeje? Kijana alikuwa na kiu.

Ijumaa, 24 Septemba

Urbano alileta habari juzi: leo anamleta Klara. Vichaka vya upande wa Dorika vimeshafyekwa na malori yameanza kupita. Wifi kapanda maua mlangoni kwenye kopo! Kaniambia nikitaka kuona lori nije nikae kwake, kigoda kipo.

Mimi kukaa kwenye kigoda cha Dorika nimngojee mwanangu mwenyewe? Afadhali mawe. Mpango: nitakaa pale njia zinapoachana. Lori likija nasimama katikati na kanga nyekundu, Klara anashuka, namshika mkono, tunapita mwambani kwangu, polepole, nimemfunika na mwavuli wa Filipo.

Nimekaa juu ya jiwe la Mzungu tangu umande. Upepo mzuri. Njiwa wanalia. Nikamwona Klara anashuka. Nikaona ameshika mzinga wa asali, na asali ilikuwa inamwagika njia nzima toka Rungwa, na njia yote inang'aa, na mimi naifuata, naifuata, miguu haigusi chini...

Nimeamshwa na vumbi puani. Lori lilikuwa limeshapita.

Nilikimbia. Kiatu kimoja sijui kiko wapi. Nafika kwa Dorika, Klara yuko ndani, kitandani kwa Dorika, mkono shingoni kwa Dorika. Mitikisiko ya barabara ilikuwa imemwanzishia uchungu! Nikaanza kupiga kelele, mwanangu, mwanangu, mbona huku! Wifi hata hakugeuka. Kasema, wifi, maji ya moto kwanza, kelele baadaye, muda wa kutosha utapata. Nikachemsha maji.

Ni msichana. Kashuka saa ya ng'ombe kurudi. Ana nywele nyingi na paji la uso la Filipo, maskini. Dorika kamfuta, akamweka mikononi mwangu kabla hajambeba mwenyewe. Akasema Klara angetembea toka barabara kuu leo, tungemzika njiani. Tulikuwa tunalia sote wawili, kila mmoja anamwambia mwenzie nyamaza.

Jumatatu, 4 Oktoba

Mtoto ataitwa Esta. Bado wako kwa Dorika, Klara hajapata nguvu. Naenda asubuhi, mchana, jioni. Jana Dorika kaniruhusu nimlete mtoto hadi kwangu kidogo. Nimembeba katikati kabisa ya njia yangu, taratibu, hakuna gari wala honi, watu wote wanasimama kumtazama. Punda alitupisha. Walikuwa wengi sana, wananiamkia, wanauliza jina. Nimechelewa kufika nyumbani. Njia gani hii, mtu hawezi hata kuota!

Na kwa Dorika? Vumbi kwenye uji. Kuku watatu wamekwisha. Filipo kanitazama, kisha akawatazama kuku wangu.

Lakini siku moja Klara atarudi Rungwa. Atapandia lori mlangoni kwa nani?

Leo Melkizedeki kapita kuniamkia. Kasema mvua zikikoma watahesabu upya njia zote mbili, maana soko litakuwa limefunguliwa. Huenda mambo yakabadilishwa.

Nimefikiri tangu hapo. Kosa langu nimeliona. Togwa ilikuwa nzuri. Mahali ndipo palikosewa! Mvua zikikoma nitapika chungu kile kile, nikipeleke mlangoni kwa Dorika. Punda wote kule. Ng'ombe wote kule. Njia yake itazibwa kwa mawe, na lori litakuja kwangu!

Nimeshamwambia wifi kwamba nitampikia togwa nyingi, kwa wema aliotutendea. Alinikumbatia sana. Alisema hakujua nampenda hivyo.

Nampenda kweli. Mtama wa togwa nimeshaanza kuuchagua.