Tela Lisilotikisika

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimelipata! Tela! Dogo, la magurudumu mawili, na bodi lake linabinuka lenyewe nyuma ukivuta komeo. Halina rangi, halina taa, gurudumu la kushoto limepinda kidogo kama mtu anayesikiliza maneno mlangoni. Lakini ni tela la kumwaga, na ni langu!

Mwenye kitalu cha miche alikuwa akilitumia kubebea mbolea, sasa anafunga kazi. Tumebadilishana. Yeye kachukua toroli letu na mabeleshi yote mawili, mimi nimechukua tela. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Maskini, hajui anachokipoteza.

Niandike sababu hapa, isije ikasahaulika nikishafanikiwa. Mama mkwe alivunjika nyonga, kafanyiwa upasuaji, na Jumamosi saa nne asubuhi anatoka hospitali kuja kukaa kwetu, chumba cha uani. Anakuja na kiti cha magurudumu. Na kati ya geti na mlango wa chumba hicho kuna kifusi kinachonifika kiunoni. Ni jiko la zamani, nililolibomoa mwenyewe mwezi wa nne. (Lilikuwa linaanguka. Nililisaidia tu.) Kiti hakiwezi kupita. Mke wangu kasema kifusi kikiwepo Jumamosi, mama atapelekwa kwa kaka yake mke wangu, yaani shemeji yangu, na yeye mwenyewe atamfuata huko kumuuguza mpaka apone. Mimi nitabaki na kifusi changu, tupikiane.

Na kuna jambo jingine linaloniuma. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, mama mkwe hajaniita mkwe hata siku moja. Mimi ni "huyo bwana." Huuliza kama huyo bwana amekula, na huyo bwana nimekaa mbele yake na sahani! Jumamosi huyo bwana anakufa, anazaliwa mkwe.

Njiani kurudi, nusu ya sakafu ya tela ilidondoka barabarani. Kutu. Mwenye baiskeli nyuma yangu alipiga kengele sana. Sikusimama. Sakafu ile ilikuwa itolewe tu.

Mke wangu alilitazama tela, akalitazama tundu, akauliza toroli liko wapi.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa moja asubuhi nimeamshwa na sauti ya beleshi. Shemeji! Yuko uani na toroli lake, anazoa kifusi changu bila hodi! Alishatoa toroli kumi na mbili kabla sijavaa viatu. Anamwaga nyuma ya banda na kupiga mluzi. Anasema kufikia kesho mchana atakuwa amemaliza.

Nilimsimamisha. Nilimweleza kwa upole kwamba zama za toroli zimepita, kwamba tela langu litameza kifusi chote kwa safari moja. Aliinama, akanichungulia kupitia tundu la sakafu, tukatazamana. Akasema sawa shemeji, yeye hana neno, ila beleshi na toroli anaviacha hapa, huwezi kujua.

Dharau hiyo! Nimelisukuma toroli lake mpaka pembeni na kulifunika turubai. Sitaki tela lilione.

Mchana kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa pili. Kila mtu humwita Cheche, na ukiitazama fulana yake yenye vitundu utajua kwa nini. Fundi mzuri, lakini mwoga wa mawazo makubwa. Alitaka kuweka sakafu ya bati la kawaida. Nikamwonyesha mlango wa chuma wa stoo ya zamani uliolala nyuma ya karakana yake. Unene wa kidole! Cheche akasema ule ni mzito mno kwa tela dogo. Nikamwambia uzito ndio uimara. Akajikuna kichwa, akaukata. Vipande vilivyobaki nimemwagiza avibandike kwenye mlango wa nyuma wa tela, maana pale ndipo kifusi kitakapokandamiza. Mimi sitaki kitu kipotee.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku kubwa! Siku ya kuimarisha!

Vyuma vya pembe chini, nondo nne ubavuni, milango ya kabati la zamani juu ili kuongeza kina. Ekseli tumeivisha chuma kingine. Cheche kasema kwa jinsi tela lilivyo sasa, limeshajaa kabla ya kupakiwa. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini lilikuwa bado linapiga kelele. Kang'ang'a, kang'ang'a! Nikabuni njia yangu, ambayo ninaamini siku moja itafundishwa. Nilichukua nyundo na chaki, nikalizunguka tela lote nikigonga. Kila kilichotikisika, nikakitia alama ya X. Zilifika X ishirini na tatu! Nikamwambia Cheche achomelee kila penye X, asinibakizie hata moja.

Alifanya kazi vizuri mpaka zilipobaki mbili, akaniita. Akauliza, na hizi pia? Nilikuwa kwenye simu nikimwelezea shemeji kuhusu nondo. Nikamwambia fundi, alama ni alama. Akasema tela ni la kwangu. Akavaa miwani yake.

Jioni tulilitikisa wawili, kwa nguvu zote. Kimya! Halitikisiki hata kidogo, unaweza kudhani limejengwa juu ya msingi. Nilisikia machozi yakinilengalenga, na sikuona haya. Gari langu lilipolivuta, lilishuka nyuma na kuinua pua, nikawa ninaona mawingu zaidi kuliko barabara. Tumefika.

Mke wangu kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba aliyevunjika hapa ni mama yake. Nimekula peke yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepakia kifusi chote! Peke yangu! Kwa beleshi la shemeji, ni kweli, lakini beleshi ni beleshi. Saa saba mfululizo. Viganja vimetoka malengelenge, mgongo haunyooki, na uani kumebaki vumbi tu. Mke wangu alitoka, akasimama pale palipokuwa na kifusi, akageuka huku na huku. Akasema, "Kumbe uani kwetu ni kukubwa." Akatabasamu! Hilo nimelipigia mstari.

Nikaenda na tela machimbo ya zamani, ambako watu wanaruhusiwa kumwaga. Nikarudi nyuma hadi ukingoni. Mlinzi wa pale alisogea kutazama, wenye mikokoteni wawili wakasogea pia. Nikavuta komeo kwa madaha.

Komeo halikuja.

Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaweka mguu. Nikalipanda tela na kurukaruka juu ya kifusi. Wale wa mikokoteni walianza kunihesabia. Ndipo nikainama, nikaona. Komeo limechomelewa. Nikazunguka. Bawaba, ile ambayo bodi lote linabinukia, nayo imechomelewa, kwa ustadi mkubwa. Na pembeni ya kila moja, X. Mwandiko wangu.

Bila shaka vilikuwa vinatikisika! Bawaba kazi yake ni kutikisika! Cheche angeniambia.

Beleshi nililiacha nyumbani. Nimerudi na mzigo wangu mzima. Nimemwambia mke wangu kwamba tela liko kwenye majaribio ya kuhimili uzito, na kwamba linaendelea vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karakanani tangu asubuhi. Cheche amesaga bawaba kwa grenda mpaka karakana ikajaa moshi, akakata komeo lote na kuweka jipya, akapaka grisi kila mahali. Halafu akaniweka chini kama mzazi. Alisema ule mlango wa nyuma niliouongezea vyuma umelifanya tela liwe zito nyuma kuliko mbele. Komeo likifunguka tu, litamwaga lote kwa mkupuo, halitasubiri. Alitaka nifunge mnyororo wa kulizuia bodi lisibinuke ghafla. Alitaka niende machimboni moja kwa moja, nisipite popote, nisionyeshe mtu.

Nilimshukuru. Mnyororo nimeukataa. Tela lilikuwa halimwagi, leo linamwaga mno: hayo si maendeleo?

Machimbo yalikuwa yameshafungwa. Hakuna shida. Kwa kweli ni afadhali. Wazo limenijia nikiwa njiani, zuri kiasi kwamba nilipiga honi peke yangu. Kwa nini nimwage mahali asipokuwepo anayepaswa kuona?

Jumamosi, 11 Oktoba

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia haufungi.

Asubuhi mke wangu aliniomba, kwa sauti nzuri kabisa, nikamwage kwanza halafu nirudi nimlaki mama. Nilimwambia atulie. Saa nne wakafika. Shemeji alikuwa amemfuata hospitali. Akamsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya uani wetu uliofagiwa, hakuna jiwe, hakuna kizuizi, mpaka ndani ya chumba. Mke wangu alifuta macho kwa upande wa kanga. Ingeishia pale! Hata mimi sasa ninaona kwamba ingeweza kuishia pale.

Lakini mama aliuliza, kutoka ndani, ile ngurumo nje ni nini. Shemeji akamjibu kwamba ni huyo bwana na tela lake.

Nilirudi nyuma taratibu mpaka hatua mbili kutoka mlangoni, ili aone vizuri akiwa kitandani. Nikashuka. Nikamwamkia. Nikamwomba atazame kidogo tu. Nia yangu ilikuwa kulegeza komeo kiasi cha shibiri moja, bodi liinuke kidogo, kisha nilirudishe. Niliweka kidole. Kidole kimoja!

Sijawahi kuona kitu kikifanya kazi vizuri namna ile. Bodi liliruka, gari likainuka nyuma, na jiko lote la zamani likatua mlangoni mwa mama mkwe. Vumbi lilipotulia, mlango ulikuwa umezibwa hadi kwenye kitasa. Ndani mama mkwe na shemeji. Dirisha lina nondo. Nje mke wangu na mimi.

 Mke wangu alikwenda pembeni, akavuta turubai, akanisukumia toroli la kaka yake.

Toroli thelathini na nne. Shemeji alikuwa dirishani akizihesabu kwa sauti, na kunielekeza. Shemeji, usijaze mbele. Shemeji, pinda magoti. Shemeji, hiyo ilikuwa nusu, siihesabu. Mke wangu alipitisha chai ya mama kati ya nondo, kikombe kikiwa kimeinamishwa kidogo.

Katika toroli ya ishirini hivi nilisikia sauti ndani, nikadhani mama analia.  Niliacha toroli, nikasogea dirishani kuomba radhi, na nilikuwa ninaiomba kweli. Mzee wa watu, katoka kwenye kisu, nami nimemfukia.

Alikuwa anacheka! Ameshika nyonga kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anamwomba shemeji amzuie asicheke maana mishono inauma. Akasema wiki tatu hospitali amelala akitazama dari, akiwaza kwamba anakuja kwa watu kuwa mzigo, na hakuna aliyemchekesha. Kisha akanitazama kupitia nondo.

"Pole na kazi, mkwe wangu," akasema. "Bado nyingi?"

Mkwe wangu! Nilizipeleka kumi na nne zilizobaki kwa mbio.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeamka mpya! Mwili wote unauma na sijali. Leo kaniita mkwe mara tatu, moja akiomba chumvi. Mke wangu kasema tela liondoke, lakini alisema huku anageuza uso, nimeona anacheka.

Nimetafakari makosa ya wiki hii na ninafurahi kuandika kwamba nimeyaelewa. Nilianza na chombo kibaya. Mtu aliye na mama mkwe kama huyu anashughulikaje na kifusi? Ashughulike na mama mkwe!

Baada ya chakula alilala kitandani, nikakikagua kiti chake. Nimeshtuka. Kinatikisika! Vyuma vyembamba, kiti chenyewe ni kitambaa tu, na ukikivuta katikati KINAKUNJIKA! Kiti cha mtu aliyevunjika nyonga, kinakunjika! Hospitali wameazimisha kitu kama hiki bila aibu.

Nimekitoa kwa kunyata. Cheche hafanyi kazi Jumapili na alisita sana, lakini nilipomwambia ni cha mgonjwa, akawasha mashine. Pale katikati tumeshapachomelea, hakikunjiki tena milele. Chini tumeanza kuweka bamba.

Mke wangu amepiga simu mara nne. Mama ameamka, anataka kwenda msalani, na kiti hakionekani. Nimemwambia amtulize, amwambie asubiri kidogo tu, mkwe wake yuko kazini.