Kurasa Kumi na Moja za Kishindo

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimetua kwa kishindo. Basi! Ndege iligusa chini, ikadunda, ikagusa tena. Hakuna aliyeumia, ila abiria mmoja alimwagikiwa na chai akaifanya msiba. Ofisi inataka ripoti ya maandishi. Wanadhani ni adhabu! Miaka kumi na miwili naandika riwaya, wachapishaji wanne wamenirudishia miswada bila hata kuifungua, leo watu wananiomba niandike. Nimeandika kurasa kumi na moja. Rubani msaidizi kaandika mistari mitatu. Nimemhurumia.

Mke wangu kasoma, kauliza mvua imetoka wapi ilhali jua lilikuwa linachoma. Nimemweleza kuwa mvua ni ya kuongeza uzito. Akauliza na marehemu baba yangu amefuata nini kwenye bawa la ndege. Mwalimu wa hesabu huyu. Utamlaumu?

Jumanne, 10 Juni

Mkuu wa usalama kaniita mapema. Nikavaa sare mpya, nikijua napongezwa. Wapi! Kafungua ukurasa wa sita, pale baba anaponipigia kelele kutoka kwenye bawa niinue pua ya ndege. Akauliza kama kweli nilimwona. Nikajibu nilimwona kwa jicho la ndani. Akaandika kitu. Akauliza jicho hilo limenianza lini.

Jamani! Nimesimamishwa kuruka mpaka daktari wa marubani anipime na kamati ikae Ijumaa. Kamati isiporidhika, leseni ndiyo kwaheri. Miaka ishirini na miwili angani, nishushwe kwa sababu ya sitiari!

Jumatano, 11 Juni

Nimepata hila. Nimembebea daktari miswada yangu yote mitatu, aone mwenyewe kwamba ndivyo ninavyoandika siku zote. Ushahidi usiopingika! Kafungua ule wa kapteni anayegombana na injini ya kushoto. Kasoma kurasa nyingi, uso kaukaza, kisha akaniomba abaki nayo. Msomaji wangu wa kwanza! Nilitoka nikipiga mluzi.

Alasiri taarifa yake ikaja. Anapendekeza nionwe na mwenzake, wa magonjwa ya akili. Mnafiki mkubwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepita ofisini. Ubaoni wamebandika ripoti ya rubani msaidizi, na juu yake: MFANO WA KUIGWA. Eti alitoa taarifa kwamba tulichelewa kuinua pua, ndege ikadunda, abiria wako salama. Hata orodha ya nguo za dobi ina mvuto zaidi! Na safari zangu za wiki hii kapewa nani? Yeye.

Nyumbani mke wangu hakubishana nami. Kachukua kalamu, kaniandikia barua ya kamati: hakukuwa na mvua, baba hakuwepo, nilichelewa kuinua pua, mengine ni chumvi yangu, naomba radhi. Akasema nitie sahihi na nifunge mdomo, maana aliolewa na rubani na angependa kubaki na rubani. Nikatia sahihi. Roho inaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 13 Juni

Kamati. Mwenyekiti kaisoma barua kwa sauti, akavua miwani, akasema hakijawahi kutoka kitu bora kuliko hiki kwenye kalamu yangu. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Damu ikanichemka! Wakasema daktari wa akili hahitajiki tena, leseni yangu ile pale mezani, Jumatatu niruke, nisaini tu fomu.

Nikaishika kalamu. Chini ya fomu pana mistari miwili: maelezo ya ziada, kama yapo. Mwenyekiti akasema hapo si lazima nijaze. Si lazima! Yaani nijulikane kama mwandishi kwa barua ya mwalimu wa hesabu? Nikaomba karatasi.

Naandika haya kwenye benchi la nje. Wao wako ndani, wanasoma kurasa tisa nilizowaongezea. Safari hii baba nimemtoa kwenye bawa, nimemkalisha kiti cha rubani msaidizi. Nawachungulia kupitia kioo cha mlango. Hakuna anayekohoa. Zimewakolea! Mke wangu kapiga simu kuuliza kama leseni ninayo mkononi. Nimemwambia asiwe na haraka, ndiyo kwanza wako ukurasa wa nne.